Kaseti ya Sauti ya Pili

Wiki iliyopita nilifungua rimoti ya televisheni iliyokuwa imegoma, nikakuta betri zimevuja. Unga mweupe ulikuwa umeganda kwenye springi, na ile harufu yake ya chumvi na chuma ikanipanda puani kabla sijajiandaa. Mwanangu akaniuliza mbona nimekaa sakafuni. Nikamjibu kwamba naangalia betri. Watu wa rika langu wanajua betri zilikuwa kitu gani majumbani mwetu: tulizianika juu ya bati mchana kutwa zipate nguvu, tulizing'ata kwa magego, tulizisogeza karibu na mafiga, na zikishakufa kabisa tulizivunja tukatoa ule mkaa wa ndani tukachorea ukutani. Vijana ukiwaeleza wanacheka. Waache wacheke, mimi sikucheka.

Kwetu ni upande wa magharibi wa Mlima Meru, juu ya Olmotonyi, pale migomba na mahindi inapokutana na msitu wa mipaini. Baba alikuwa anafanya kazi kiwandani mjini Arusha, mpaka kiwanda kikapunguza watu. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, serikali ilipoachia biashara. Maduka ya mjini yalijaa vitu ghafla, viwanda navyo vikaanza kunyamaza kimoja kimoja, na sisi watoto hatukuona kwamba mambo hayo mawili yanajuana. Baba alirudi nyumbani na barua pamoja na redio kaseti nyeusi ya spika moja, yenye mshikio juu na kitufe chekundu cha kurekodi. Barua aliilaza chini ya godoro. Redio aliiweka mezani, juu ya kitambaa cha kufuma, na mimi siku ile nikadhani tumetajirika.

Yeyo, ndivyo tulivyomwita mama kwetu, alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya usharika. Wasioijua kwaya hudhani kazi iko kwenye sauti ya kwanza. Sauti ya kwanza ndiyo wimbo wenyewe, hata mpita njia anaudaka akaondoka nao. Sauti ya pili inakaa chini yake, karibu sana, na ugumu wake wote ni kutovutwa. Wanawake wengine sita wa sauti hiyo walimwegemea Yeyo. Jumamosi akikosa mazoezi, wote walipanda juu kwa wenzao mmoja baada ya mwingine, huku wakiamini bado wako mahali pao, na Mwalimu Zefania aliyekuwa akiwafundisha alipiga meza kwa rula hadi rula ikapasuka.

Kwaya ile ilikuwa na desturi ambayo sijaisikia kwingine. Mtu haachi kwaya hivi hivi. Akizeeka, akihama au akiona mwili umechoka, anatafuta mtu wa nyumbani mwake, anamfundisha nyimbo tatu, kisha anamleta Jumamosi asimame peke yake mbele ya wote aimbe. Mwalimu akiridhika, yule wa zamani anavua joho lake na kumvisha mpya kwa mikono yake mwenyewe, wanaombewa wote wawili, basi. Desturi hiyo tuliiita kuvua joho. Nyumba iliyopoteza nafasi kwa kukosa mrithi ilisemwa sana, na Yeyo alikuwa mtu wa kuogopa kusemwa. Yeye mwenyewe alivishwa joho na Koko, mama mkwe wake, yaani bibi yangu.

Koko mimi nilimjua kwa kaburi tu. Alivua joho Yeyo akiwa bado bibi harusi, wakamzika kabla mahindi hayajakauka. Mzee Lazaro wa sauti ya nne alimvisha mjukuu wake joho mimi nikiwepo kanisani, na mwezi ule ule tukaenda kumzika. Mama Eliya, jirani yetu, alimvisha mkwe wake, na hazikupita wiki mbili. Nilikuwa na miaka kumi na hesabu nilikuwa naziweza. Koko, Mzee Lazaro, Mama Eliya: anayevua joho anakufa. Hakuna aliyenifundisha hivyo, niliunganisha mwenyewe. Leo naelewa kwamba walivua kwa sababu walikuwa tayari wanakufa na wanajua. Lakini mtoto huona kinachotangulia na kinachofuata, anafunga hesabu hapo hapo.

Yeyo aliugua moyo. Daktari alimwambia Baba kwamba moyo umepanuka, na Baba alipotueleza mimi na kaka yangu Loti, nikafikiria maharage yaliyolowekwa, yanavyojaa mpaka yanainua mfuniko. Sikuogopa, moyo mkubwa niliuona afadhali kuliko mdogo. Nilichoogopa ni miguu yake. Ilivimba ikang'aa, na ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Pumzi nazo zilikuwa hazimtoshi. Akikamua, alisimama katikati ya kazi na kuegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe, na ng'ombe alikuwa ameshamzoea, anamngoja.

Mchana mmoja nimetoka shule, nikamkuta amekaa mbele ya redio na kaseti mpya mkononi.

"Naomi, njoo hapa. Lete betri zile za juu ya bati."

Nikapanda, nikazishusha zikiwa za moto. Akazipanga mwenyewe.

"Utajifunza nyimbo tatu," akasema. "Ukizijua, utasimama mbele ya Mwalimu, halafu nitakuvisha joho."

"Yeyo, mimi ni mtoto."

"Mwalimu amekubali. Anasema samaki mkunje angali mbichi. Joho tutalipunguza kwa chini."

"Kwa nini siyo Loti?"

"Loti yuko bweni na sauti yake imevunjika. Baba yako naye umeshamsikia akiimba." Akacheka, kicheko kikamkata pumzi, akangoja irudi. "Ni wewe, mwanangu. Nataka nafasi isitoke nyumbani."

"Na wewe utafanya nini?"

"Nitakaa kwenye benchi nikusikilize."

Nilikubali kwa kichwa. Nilielewa kwamba mama yangu amenichagua mimi nimuue.

Alinirekodia kwa namna yake. Alibonyeza vitufe viwili pamoja, akaimba mstari mmoja, kisha akanyamaza kwa muda ule ule wa mstari, akigongagonga meza kwa kidole ili nami niimbe katika ule ukimya. Halafu mstari wa pili, halafu kunyamaza tena. Hivyo hivyo hadi wimbo ukaisha. Kaseti nzima ilikuwa yeye na nafasi yangu, yeye na nafasi yangu. Ndani ya zile nafasi ulisikia kuku, ulisikia Baba akipasua kuni, ulisikia mvua ikianza kwenye bati, na juu ya hayo yote ulimsikia yeye akihema.

Sitajisifu, lakini nilikuwa na sikio. Kabla wiki haijaisha nilikuwa nazijua nyimbo zote tatu. Nilipokwenda kuchunga mbuzi pembezoni mwa msitu niliziimba nikiwa peke yangu chini ya mipaini, kwa kuwa zilikuwa tamu na sikuweza kujizuia. Nilijifanya nasikia sauti ya kwanza kichwani, nikakaa chini yake bila kutikisika. Ilikuwa furaha. Naona aibu kuisema, ila ilikuwa furaha.

Nyumbani nikaanza kukosea. Na kukosea makusudi ni kazi ngumu kuliko kupatia, kwa sababu lazima ujue noti sahihi iko wapi ndipo uikwepe, na lazima ukosee vile mtu anavyokosea kweli. Nilichagua kosa la wale wanawake sita. Katikati ya mstari nilijiachia nikavutwa juu, sauti ya kwanza, pole pole, kama niliyepotea njia.

"Umewafuata," Yeyo alisema. "Usiwafuate. Wao wana njia yao. Rudia."

Nikarudia, nikawafuata tena.

Baadaye nikajaribu hila nyingine. Betri zilipochoka kaseti ilizunguka taratibu, na sauti ya Yeyo ikashuka hadi ikawa nzito, ya mwanamume. Nikamwambia ndiyo maana nakosea, kaseti inashuka hadi sijui mahali pangu ni wapi. Yeyo aliona ni sababu ya maana. Baba akaenda mjini kwa miguu akarudi na betri mpya kabisa, zikiwa kwenye karatasi yake, akaniwekea mkononi. Tangu siku ile nikawa sina kisingizio.

Jumamosi ya kujaribiwa ilifika. Wanawake wa kwaya walinishika kichwani nilipokiinamisha kuwasalimu, na mmoja akasema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka, huyu hana shida." Yeyo alikuwa amevaa joho lake la bluu lenye kola nyeupe. Alikaa mwisho wa benchi, na niliona ameshafungua kifungo cha juu ili liwe rahisi kuvuliwa.

"Haya, Naomi," Mwalimu Zefania akasema. "Usiogope. Wa kwanza."

Nikaimba mstari wa kwanza sawasawa, maana nilijua wakinisikia nimeharibu tangu mwanzo watashtuka. Mstari wa pili nikapanda. Mwalimu akainua mkono, akanipa noti upya, nikaanza tena, nikapanda tena pale pale. Nyuma yangu kuna waliocheka kwa pua. Wimbo wa pili sikuumaliza. Wa tatu Mwalimu hakuuomba.

"Mama Loti," akasema kwa upole, "mtoto bado."

"Nipe wiki mbili, Mwalimu."

"Wewe kapumzike nyumbani. Tutajitegemea."

"Nani ataishika ya pili?" Yeyo akainama, akafunga kile kifungo, akanyanyuka kwa kushika benchi. "Basi nitasimama mwenyewe."

Na akasimama. Akaimba mazoezi yote, akivuta pumzi katikati ya maneno. Mimi nilikaa nje kwenye ngazi, na sitaki mtu anidanganye kwamba nilijuta. Nilishangilia. Joho lilikuwa mwilini mwake. Nilikuwa nimempatia uhai wa wiki mbili, na wiki mbili zikiisha nilikuwa tayari kumpatia nyingine.

Kutoka kanisani hadi kwetu ni mteremko wa mawe, na kwenda ni kupanda. Mtu mzima ni mwendo wa nusu saa. Siku ile tulirudi kwa muda mrefu sana, Yeyo akikaa kwenye kila jiwe lililokalika. Kwenye jiwe mojawapo akasema, bila kuniangalia:

"Nilidhani una sikio."

Nikaokota kijiwe nikakitupa njiani.

"Ulipokuwa mdogo uliimba ukiwa mgongoni. Mimi naimba, wewe unakaa chini yangu. Labda nilijisikia mwenyewe tu." Akafuta jasho kwa upande wa joho. "Au mimi ndiye sijui kufundisha. Koko alinifundisha kwa siku nne."

Ulimi ulikuwa unaniwasha. Ningeimba mistari miwili pale juu ya lile jiwe ningemwondolea huzuni yake yote. Lakini nilimwona amekaa na joho lake, anahema, yu hai, na nikajiambia kwamba mama mwenye huzuni ni bora kuliko asiyekuwepo. Nikamshika mkono tukaendelea kushuka.

Wiki zile mbili alirekodi upya kila kitu. Alisema kosa lilikuwa lake, alikuwa ameimba haraka. Sasa alikaa kitandani ameegemezwa kwenye mito, redio mapajani, akiufunga mlango ili kuku wasiingie kwenye kaseti. Mstari mmoja aliukata mara tatu kutafuta pumzi, kisha akaurudisha nyuma na kuanza tena mpaka utoke mzima, kwa sababu hakutaka nijifunze na mapumziko yake. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau. Baba alisimama mlangoni akasema kwa ukali ambao sikuuzoea:

"Mwache huyu mtoto. Hana sikio, hana. Wewe lala."

"Analo," Yeyo akasema.

"Umelisikia wapi?"

"Analo. Bado halijafunguka."

Na mimi nilikuwa nimekaa pale pale, kwenye kigoda, baina yao. Nilipoitwa kuimba, nikavutwa juu kama kawaida yangu. Baba akatoka nje. Yeyo akabonyeza kitufe, akarudisha mkanda nyuma.

Jumamosi ya pili miguu yake haikuingia kwenye kiatu chochote, ikabidi avae katambuga za Baba, zile ndala za matairi, na mikanda yake tukaifungua hadi tundu la mwisho. Baba alimkataza kwenda. Yeye akasema kwaya ina Jumapili ya mavuno, nyimbo ni zile zile tatu, na nafasi ya pili haina mtu. Hilo lilikuwa kweli. Haikuwa na mtu kwa sababu yangu. Tulipanda sote watatu, Baba akimsukuma mgongoni kwa kiganja kwenye sehemu kali.

Sikujaribiwa siku hiyo. Mwalimu alimwona Yeyo, akaona heri waanze mazoezi haraka wamalize. Yeyo aliimba wimbo wa kwanza wote. Wa pili aliimba hadi katikati, kisha akakaa. Hakuanguka, watu walivyosimulia baadaye siyo kweli. Alikaa tu, taratibu, akawa anatafuta hewa kwa mdomo wazi. Wanawake wakamzunguka. Mmoja akasema, "Mfungueni apate hewa," wakaanza kulivuta joho kichwani mwake.

"Msimvue!" Nilipiga kelele, nikawaparamia. "Msimvue joho! Mwacheni nalo!"

Walinishika mikono. Walidhani ni woga wa mtoto, wakawa wananibembeleza. Joho likatoka, likaanguka chini ya benchi, nami nilipofanikiwa kuchomoka nililiokota nikajaribu kumfunika nalo, Baba akanisukuma pembeni. Walimpakia kwenye pikapu ya mchungaji wakashuka naye mjini. Hospitali haikuruhusu watoto wodini. Alifariki Jumanne asubuhi, na Baba peke yake ndiye aliyekuwa naye.

Miaka mingi niliwachukia wale wanawake kwa kumvua. Nilipokua vya kutosha kuelewa kwamba joho halikuwa na kosa, sikupata nafuu, kwani hapo ndipo nilipobaki na kile kilichokuwa kweli. Mgonjwa wa moyo aliyetakiwa kulala alipanda kilima kile mara mbili, akatumia pumzi zake za mwisho kunifundisha kitu nilichokuwa nakijua, na akaondoka akiamini nafasi ya Koko imefia mikononi mwake. Watu hupenda kusema watoto ni malaika, hawajui walitendalo. Mimi nilijua nililokuwa natenda. Sikujua tu linatenda nini.

Tulimzika nyumbani, kando ya migomba, jirani na Koko. Kwaya ilisimama kwa safu zake na Mwalimu Zefania mbele. Aliinua mikono, wakaanza wimbo wa kwanza kati ya zile tatu. Wale wanawake sita walishika mstari wa kwanza vizuri. Mstari wa pili nikawasikia wanaanza kupanda, mmoja, wa pili, wa tatu, hadi chini ya wimbo pakabaki patupu.

Nikaimba. Sikuamua kuimba kwa ajili yake, wala kwa kutubu. Mahali pale palikuwa wazi, nilipajua, na sikuwa na mtu tena wa kumlinda kwa kukosea. Niliishika sauti ya pili kutoka pale nilipokuwa nimesimama na shangazi, nikakaa chini ya sauti ya kwanza bila kutikisika, na wale wanawake wakanisikia wakashuka kwangu mmoja mmoja. Mwalimu alinigeukia huku mikono yake ikiendelea kuongoza. Tukaimba beti zote hadi mwisho.

Baba alikuwa ng'ambo ya kaburi na koleo. Wimbo ulipoisha alilikabidhi kwa jirani, akazunguka hadi nilipo, akaniinamia ili wengine wasisikie.

"Kumbe unaijua."

"Ndiyo, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ile ya kwanza."

Alinitazama. Nilimwona akirudi nyuma kichwani mwake, akizipitia zile Jumamosi, kitanda, mito, kile kilima.

"Hili," akasema, "usimwambie mtu."

Akarudi kuchukua koleo. Tuliishi nyumba moja miaka mingine tisa, na baada ya hapo nilimtembelea kila Krismasi hadi alipozikwa pale pale. Alinilea vizuri, sina la kumlaumu. Kila mwaka nilingoja aniulize kwa nini, nami jibu nilikuwa nalo tayari. Hakuniuliza.